Wimbo wa kuombolezea: myel lyel, ennanga, akogo au kadongo kamu?

Kazi yangu ni spika. Nakodisha spika, maiki, taa na hema hapa Jinja, Uganda, na wateja wangu wengi ni wa misiba kuliko harusi, kwa sababu harusi huahirishwa. Simu ya usiku huwa ya mtu aliyelia mpaka sauti imemkauka. Tukishakubaliana bei na mahali, swali la mwisho ni lilelile: "Kaka, huna ule wimbo wa huzuni wa kwetu?"

Nikiuliza kwao ni wapi, jibu haliji upesi. Nilizaliwa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani, ambako baba anaweza kuwa Mwacholi, mama Msoga, mashemeji wametoka Soroti, na jirani anayeandika mabugo kwenye daftari ni Mganda. (Mabugo ndiyo rambirambi. Jina limetokana na vitambaa vya magome ya mtuba ambavyo zamani watu walivileta ili marehemu avishwe.) Uani tunaongea Kiswahili, lakini Kiswahili chetu hiki hakina wimbo wa kumlilia mzee wa Gulu. Lazima uazimwe kwa mmoja wa hao waliokaa mkekani. Ukikosea kuchagua, watu watakaa kimya kama wako kwenye foleni ya benki, au nusu ya wafiwa wataona msiba si wao.

Nimezisikia aina nyingi, nyingine mara moja tu. Nne ndizo ninazoulizwa zaidi, na hizo ndizo nitakazozipanga hapa.

Vipimo vyangu

Cha kwanza: wimbo unasema na nani? Wengi hawaulizi hilo, wanatafuta wimbo wa polepole. Lakini nyimbo nyingi za msiba huku kwetu zina mwendo wa kuchezeka, na watu wanazicheza machozi yakiwatoka. Kwa macho yangu, anayeambiwa maneno ndiye anayeamua wimbo utaliza vipi. Anaweza kuwa kifo, marehemu, waliobaki, au mwimbaji mwenyewe.

Cha pili ni sauti: inamfikiaje mtu, hasa asiyejua lugha. Cha tatu ni wakati na mahali pake. Mkesha, kaburini, kumaliza matanga miezi kadhaa baadaye, au peke yako na simu sikioni, kila kimoja kina wimbo wake. Cha nne: unamfaa nani, na utamkera nani.

Kuna misiba ambayo siiingizi kwenye hesabu hii. Wafiwa wakiwa Waislamu, wawe wa Bombo, Kibuli au hapa mjini, napeleka maiki moja ya Yasini na dua basi. Walokole nao (neno lenyewe Kiswahili kimelichukua kwenye Kiganda) wako wanaokataa wimbo wowote unaomsemesha marehemu au kukiita kifo kwa jina. Muulizeni mchungaji mchana, msingoje saa sita usiku mbele ya jeneza.

Myel lyel, maombolezo ya Waacholi

*Unasema na nani.* Na kila mtu, tena kwa ugomvi. Myel ni ngoma, lyel ni kaburi au msiba wenyewe. Okot p'Bitek, mshairi aliyezaliwa Gulu mwaka 1931 na mama aliyekuwa mwimbaji, alizikusanya nyimbo za Waacholi akazichapisha kitabuni mwaka 1974. Katika maombolezo yake kifo ni adui wa kukabiliwa, marehemu analaumiwa kwa kuondoka, na ukoo unasutwa. Hakuna anayeambiwa "pole".

Nilisoma hayo baadaye. Kwanza niliyaona, katika mkesha wa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo. Nilikuwa nimepiga nyimbo za kwaya tangu saa mbili. Saa nane usiku jenereta likazima, petroli imekwisha, na kijana niliyemtuma kituoni hajarudi. Katika giza lile bibi mmoja akaanza, sauti ya juu iliyopasuka, mstari mmoja tu. Wanawake wakamjibu kutoka mikekani. Akaurudia, wakajibu wakiwa wamesimama. Mtu akapata nusu kibuyu na kijiti, mwingine akapindua beseni. Kisha mwanamume wa makamo, ninayemjua kuwa mpole hata wa kuchosha, akatoka mbio na fimbo mpaka migombani, akachoma hewa kama ameshika mkuki, akarudi anatetemeka mikono. Mjukuu wa marehemu, aliyekulia hapahapa Walukuba, akaninong'oneza: "Mbona bibi anamgombeza babu?"

Alikuwa anamgombeza kweli. Alimuuliza anakwenda wapi na bati linavuja. Petroli ilipofika sikuliwasha jenereta.

*Sauti.* Mmoja anatupa, wengi wanadaka. Mstari unaanzia juu na kuteremka, na kwa kuwa Kiacholi ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, wimbo haulipindi neno, unalifuata lilivyo. Ndiyo maana ukiitafsiri kwa Kiswahili unabaki na malalamiko tu. Lakini asiyejua lugha hasahauliki, maana mwitikio ni mfupi na ataushika kwa mara ya tatu. Huu ndio wimbo pekee kati ya hii minne ambao nimemwona Msamia na Mlugbara wakiuimba na kuulilia bila kuelewa neno. Kuna pia mwoc, mwito wa sifa wa ukoo au wa mtu mwenyewe, unaopigwa kwa ukelele. Wa marehemu ukipigwa, hata wanaume walioshika simu huziweka mfukoni.

*Wakati wake.* Zamani maziko yalifanywa haraka na ngoma kubwa ikasubiri kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na wageni wanaweza kulishwa. Vita vya kaskazini viliharibu utaratibu huo. Kuanzia 1987 hadi mazungumzo ya amani ya Juba mwaka 2006 watu waliishi kwa hofu, na vita vilipokuwa vikali, zaidi ya watu milioni 1.5 walikuwa kambini. Huko watu walizikwa bila mavuno na bila ngoma. Basi usishangae mama wa Kitgum au Pader akianza na marehemu mmoja kisha akawaita wengine usiowajua. Deni la nyimbo ni la miaka mingi.

*Unamfaa nani.* Wafiwa wengi wenye hasira: kifo cha kijana, cha ajali, cha mtu aliyeacha mambo nusu. Unataka wanawake wawili watatu wanaoujua, na uwanja. Usiuweke kwa flashi. Niliwahi kujaribu, spika ikaimba, watu wakaitazama spika. Na utawakera wenye adabu ya kimya. Nimeona shangazi wa upande wa pili akiondoka akidhani watu wanapigana.

Ennanga, kinubi cha Buganda

*Unasema na nani.* Na Kabaka, kwa mafumbo. Ennanga ilikuwa ya ikulu, na mpigaji wake, omulanga, aliimba karibu na mfalme. Anayeimba mbele ya mfalme hasemi waziwazi. Buganda yenyewe ina namna ya kuzunguka kifo: Kabaka hafi, husemwa amepotea, au ameachia mkono kwenye ngao, au moto wa Buganda umezimika. Ndani ya nyimbo hizi huzuni haitajwi. Inadokezwa kwa jina la mtu wa kale na jambo lililompata, kisha mpigaji anakaa kimya nyuzi ziendelee. Msikilizaji anaimalizia mwenyewe kwa msiba wake.

*Sauti.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sauti ndiyo kazi yangu na ennanga iliniaibisha. Familia moja ya Kiganda ilifanya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa baba yao, wakamwita mzee kutoka upande wa Mukono. Alikuja na ennanga imefungwa kwa kitambaa cha magome ya mti. Nyuzi nane, shingo iliyopinda kama upinde, tumbo la mti lililowambwa ngozi. Nikamwekea maiki karibu. Alipogusa uzi wa kwanza nikasikia mvumo, zzz, kama nyuki ndani ya kopo. Nikajua waya wangu umekatika. Nikabadilisha waya. Zzz. Nikabadilisha maiki, nikapunguza besi, watu wananitazama. Mzee akacheka, akaniita: "Ssebo, njoo." Akaniwekea kidole kwenye shingo ya kinubi, pale kila uzi unapopita juu ya pete iliyovishwa ngozi ya kenge. Uzi unaigusa pete kidogo sana, nayo inatetemeka. Mvumo ule ndio walioutafuta mafundi. Bila huo, alisema, ni nyuzi tu, si sauti ya mtu.

Na kweli inafanana na koo la mtu anayezuia kilio. Halafu kuna mikono. Wa kulia unapiga wake, wa kushoto wake, noti zikiingiliana kama meno ya zipu, na baada ya muda unasikia wimbo wa tatu usiopigwa na mkono wowote. Unazaliwa sikioni mwako. Mimi naulizwa kwa nini watu hulia kwenye ennanga ilhali maneno ni machache. Nadhani ni huo wimbo wa tatu, maana kila mtu anausikia wake.

*Wakati wake.* Kwa asili si chombo cha msiba. Kilio cha mazishi ya Kiganda ni sauti za wanawake, ebiwoobe, na kumaliza matanga, okwabya olumbe, kuna shughuli na kelele zake: mrithi anasimamishwa, anavishwa, anausiwa, watu wanakula na kucheza. Ennanga hapo itamezwa. Mahali pake ni jioni, chumbani, watu thelathini wakizidi. Waijuao si wengi pia. Lubiri ya Mengo, yaani ikulu ya Kabaka, ilishambuliwa tarehe 24 Mei 1966, falme zikafutwa mwaka uliofuata, na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Kabaka Mutesa II alifia London mwaka 1969, na Buganda ilikaa bila Kabaka hadi mwaka 1993. Wachache kama Albert Ssempeke, mpiga filimbi wa ikulu aliyefariki mwaka 2006, ndio waliobeba ujuzi huo na kuufundisha. Kwa wazee wa Kiganda, kabla mpigaji hajataja chochote, kule kuisikia tu ennanga ni kusikia nyumba iliyovunjwa.

*Unamfaa nani.* Mtu ambaye machozi ya hadharani yanamshinda. Kumbukumbu ya mwaka, mzee aliyekufa kwa umri mkubwa, familia ya watu wa makabila mengi ambapo hutaki lugha moja itawale. Itawachosha vijana wanaongoja wimbo uanze. Hawatajua kuwa umeshaanza. Na usiichanganye na adungu, kinubi cha Waalur kinachosikika siku hizi makanisani kwa ukubwa tofauti tofauti. Adungu inasindikiza kwaya vizuri mno, ila kazi yake ni nyingine.

Akogo ya Teso

*Unasema na nani.* Na mpigaji mwenyewe. Akogo ni marimba ya vidole: kijisanduku cha mbao, juu yake vijiti vya chuma vilivyopondwa bapa, mara nyingi vya spoku za baiskeli au misumari, na mtu anavicheza kwa vidole gumba. Walango wana yao, okeme, Waacholi lukeme. Mpigaji anajitaja kwa jina, anajihurumia, anajicheka. Marehemu anaingia kama mtu wa tatu katika mazungumzo hayo.

Mpigaji niliyemleta mara mbili kutoka mji wa Kumi huanza na ng'ombe. Anawataja kwa rangi na pembe, mmoja mmoja, ng'ombe wa baba yake. Mgeni atashangaa ng'ombe wanahusiana nini na jeneza. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 wizi wa mifugo na uasi viliimaliza mifugo ya Teso karibu yote, na mwaka 1989 huko Mukura watu 69 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya behewa la treni walimofungiwa. Mteso aliyeyaona hayo, ukimtajia ng'ombe mwekundu wa pembe zilizopinda, anainamisha kichwa kabla hujafika kwenye msiba wa leo.

*Sauti.* Ndogo, ya chuma, yenye kuzunguka palepale. Akogo za saizi tatu zikipigwa pamoja zinafurahisha kiasi kwamba watu huanza kutikisa mabega, kisha maneno yanawafuata nyuma na kuwakamata. Moja ikipigwa peke yake inasikika kama mtu anayetembea njia ndefu na hana wa kuongea naye.

*Wakati wake.* Baada ya chakula, moto ukiwa umepungua, wageni wa mbali wameshalala. Maiki moja ndani ya kijisanduku inatosha.

*Unamfaa nani.* Wafiwa wachache, marafiki wa rika moja, mtu aliyekufa mbali na kwao. Usiitumie kaburini. Upepo unaila.

Kadongo kamu

*Unasema na nani.* Na wewe, abiria mwenzangu. Jina lina maana ya kigitaa kimoja. Wako watakaoniambia huu si muziki wa jadi kwa sababu gitaa limekuja juzi, na waanzilishi kama Fred Masagazi na Christopher Ssebadduka ni watu wa enzi za redio. Sawa. Lakini waombolezaji hawaniombi cheti cha kuzaliwa cha chombo. Wanaomba kisa kirefu chenye methali, kinachosimuliwa na mtu mmoja bila haraka, na hilo Buganda ilikuwa nalo kabla ya gitaa.

Anayeombwa zaidi kwangu ni Paulo Kafeero, na wimbo wenyewe ni Walumbe Zaaya, mrefu, unaomsemesha Walumbe, yaani Kifo. Asiyekulia Buganda inabidi aambiwe: Kintu na mkewe Nambi, watu wa kwanza katika hadithi ya Buganda, walionywa waondoke mbinguni upesi na wasirudi nyuma kwa chochote. Ulezi, nafaka ya kuwalisha kuku, ukasahaulika, ukarudiwa, na Walumbe, kaka yake Nambi, akawafuata duniani akaanza kuwachukua watoto wao. Kayikuuzi, ndugu yao mwingine, akatumwa kumkamata. Watoto walikuwa wameagizwa wanyamaze. Wakapiga kelele, Walumbe akazama ardhini huko Ttanda, na yuko huko. Kwa hiyo mwimbaji anapokiita kifo kwa jina hilo anamwita mjomba wa familia, mtu aliyeingia kwa sababu ya ulezi wa kuku. Uchungu wa namna hiyo Mwacholi ana mkuki wa kuukabili. Mganda ana swali lisilokwisha, "laiti wasingerudi".

*Sauti.* Gitaa linarudia mambo machache, sauti inabeba kila kitu. Udhaifu wake uko hapo: asiyejua Kiganda anasikia mtu anaongea juu ya gitaa. Nguvu yake nyingine si ya muziki. Herman Basudde alikufa kwa ajali mwaka 1997, Kafeero akafa mwaka 2007. Ukiwaweka usiku, unaowasikia wakiongea kuhusu kifo ni marehemu. Nimeona dereva wa teksi, mtu wa matusi siku nzima, ameegemea bodi ya gari lake akilia kwa wimbo ambao bila shaka anausikia kila wiki.

*Wakati wake.* Mkesha wote, kwa flashi, bila kumleta mtu. Ndio wa gharama ndogo kuliko yote. Angalia tu orodha kabla, kwa sababu waimbaji haohao wana nyimbo za unyumba na wivu ambazo hazifai mbele ya mjane. Iliwahi kunitokea. Mjane alicheka, nikaokoka.

*Unamfaa nani.* Msiba wa Waganda wa mjini, wanaume ambao hawatasimama kuimba lakini watasikiliza mpaka asubuhi. Pia mtu aliye ughaibuni, ambaye hakuwahi mazishi.

Miwili ambayo siwezi kukukodishia

Bigwala ya Wasoga, watani zangu wa hapa Jinja, ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, kila moja ikiwa na noti moja tu. Wimbo upo pale tu wapigaji wote wapo. Akikosekana mmoja kuna tundu katikati ya wimbo, na kila mtu anajua ni la nani. Sijui picha ya msiba iliyo kamili kuliko hiyo. Ni muziki wa kifalme, wa kutawazwa na kuzikwa, na mwaka 2012 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mwaka 2016 orodha hiyohiyo ilipokea muziki wa kinubi cha Wamadi, o'di, wa Moyo na Adjumani, ambao wenyewe huutumia kwa harusi, kwa kupatanisha watu na kwa kuomboleza pia. Ukiwa na ndugu huko, anza na yeye, si na mimi.

Kusikia kabla ya kuamua

Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lina vyombo ambavyo hupigwa, si vya kutazamwa kwenye kabati tu. Kituo cha utamaduni cha Ndere, pale Ntinda, utaona ngoma za nchi nzima kwa usiku mmoja, ingawa jukwaani kila kitu kina tabasamu. Chuo Kikuu cha Makerere kina hifadhi ya sauti zilizorekodiwa na Klaus Wachsmann katikati ya karne iliyopita. Sauti zile zina mikwaruzo, watoto wanakohoa nyuma, na ni karibu na msiba halisi kuliko rekodi safi za sasa.

Basi uchague vipi

Kama kifo ni cha ghafla na watu wana hasira, na kuna wanawake wa Kiacholi hata watatu, wape uwanja, mzime muziki. Hata kama marehemu si Mwacholi, waulize wafiwa. Wengi hukubali kuazima mwitikio kuliko kukaa kimya.

Kama wafiwa ni wa makabila manne na kila upande unatazama mwingine, ennanga ndiyo isiyochokoza mtu, mradi ni ndani na watu wametulia. Ukikosa mpigaji, usiweke rekodi yake kwenye spika kubwa ya uwanjani. Mvumo ule utageuka kelele na nitapigiwa simu nije kurekebisha waya.

Kama marehemu alikufa mbali, au alikuwa mtu wa kutembea, dereva wa lori, askari, mchuuzi wa Malaba, akogo inamjua. Hapo lugha si lazima sana, ila awepo mmoja wa kutafsiri pembeni zile sehemu za ng'ombe.

Kama mnakesha kwa bajeti ya chai na mandazi na wengi wanaelewa Kiganda, kadongo kamu itawafikisha alfajiri.

Na kama uko peke yako, umesikia habari kwa simu na nauli haipo, usianze na Kafeero. Maneno mengi yatakukimbiza kwenye mawazo. Anza na nyuzi nane, chini, taa ikiwa imezimwa, kisha maneno utayatafuta wiki ijayo.

Mnaweza pia kuchanganya. Mwezi uliopita familia moja ya hapa mtaani ilifanya hivyo: akogo baada ya chakula, kadongo kamu mpaka saa saba, halafu mama mkwe kutoka Gulu akaomba spika zinyamaze. Kama na kwenu yupo mama wa namna hiyo, niambieni mapema. Jenereta nitawatoza la nusu usiku tu.